Nyongeza Baada ya Mizani

Wewe mama ambaye binti yako anauza kwa duka la nyumbani na sasa anaangalia supamaketi kwa macho ya tamaa, kaa hapa kidogo nikuambie yaliyotupata.

Duka letu liko Kimulot, karibu na mahali tunapopeleka majani chai. Ni dogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nyamusi wangu alianza kuuza hapo alipomaliza shule, na wateja walimpenda. Sisi maharagwe tunapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Ukishaijaza mpaka juu na kumwaga ndani ya mfuko wa mteja, unachota tena kiganja kimoja unamtilia. Hiyo ndiyo nyongeza. Usipoitoa mtu hakugombezi, lakini kesho anapita mlango wako kama hauoni.

Nyamusi hakuwa na raha. Dada yangu Yunia, ambaye shamba lake limepakana na langu, ana binti anaitwa Mongina. Huyo alikuwa ameandikwa kazi kwa supamaketi kubwa Bomet mjini. Akija nyumbani Jumapili anaingia kanisani na ile tisheti nyekundu ya kazi.

"Nyamusi, bado unanuka mafuta ya taa?" akamwambia siku moja mbele ya watu. "Kwetu hata sakafu inapanguzwa na mashine!"

Nyamusi alicheka, lakini nyumbani hakugusa chakula. Na mimi nikimsikia Yunia akisema "mtoto wangu wa supamaketi" kwa kila mama anayepita, jameni, chai nilikuwa naiacha kwa kikombe.

Nafasi ilipotokea, Mongina mwenyewe ndiye alimwitia binamu yake. Nafikiri alitaka mtu wa kumtumatuma. Wakawekwa wote upande wa nafaka, kila mtu na mizani yake. Kule mizani yenyewe inatoa karatasi ya bei, unaibandika kwa mfuko, mteja anaenda kulipa mbele.

Sasa mtoto wa duka dogo ni mtoto wa duka dogo. Akaja Kogo Rebeccah, nyanya mmoja jirani yetu. Nyamusi akampimia maharagwe, akabandika karatasi, halafu mkono ukarudi kwa pipa wenyewe, ukachota kiganja, ukatia.

"Eee, huyu ni wetu!" Kogo akasema kwa sauti. "Hata mjini hajasahau watu!"

Habari hiyo ilifika Kimulot kabla ya Kogo mwenyewe. Haukupita muda, watu wa huku wote wakawa wanapanga foleni kwa mizani ya Nyamusi. Mongina anaita, "Mama, kuja huku hakuna watu," na mteja anajibu, "Wacha tu, mimi nangojea yule mwingine."

Nyamusi alinipigia simu akicheka. "Mama, ungemwona Mongina! Uso umekunjamana kama ameuma ndimu."

"Usimcheke. Si yeye ndiye alikuingiza?"

"Na yeye si alinicheka kanisani?"

Hakuniambia watu wanapanga kwa sababu gani. Mimi nilidhani ni tabasamu lake.

Mongina hakumwambia kitu. Alienda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Kepher, akamwambia aangalie kamera. Nyamusi akaitwa ofisini.

"Hii inaitwa nini?" meneja akamwonyesha.

"Ni nyongeza, bosi."

"Nyongeza ya nani? Maharagwe ni yako?"

"Hapana, lakini mteja..."

"Mteja analipia kilichoandikwa. Kinachozidi umekiiba, ukampa."

Nyamusi akalia, maana tangu azaliwe hakuna aliyemwita mwizi. Lakini yule meneja hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Nimeona hukujua. Rudi kazini, na huo mchezo uishe leo."

Mama, unasikia? Mtoto alikuwa amesamehewa. Ilibaki kusema asante na kufungua mlango.

Kumbe ofisi ina dirisha la kioo. Akaangalia nje, akaona wateja wake wote wamehamia kwa Mongina, na Mongina anaongea na Kogo Rebeccah, wanacheka. Moyo ukawaka.

"Na Mongina je?" akasema. "Muulize ile sukari anayonunua. Anapasua pakiti kidogo makusudi, inaandikwa imeharibika, halafu anaichukua kwa bei ya chini."

Meneja akarudi kwa kamera, akaona ni kweli. Kesho yake wakafutwa wote wawili. Mongina kwa sababu ya sukari. Nyamusi akaambiwa, "Wewe uliona wizi ukanyamaza, ukaongea tu ulipokuwa na hasira. Mtu kama huyo siwezi kumweka."

Yunia alikuja mlangoni kwangu akipiga makofi ya uchungu. "Drusilla, mtoto wako amemmaliza wangu!"

"Wako ndiye alianza na wangu!"

"Nani alimtafutia kazi? Eh? Nani?"

Tangu hiyo siku hatuchumi chai pamoja. Ameziba kwa miiba njia ya kutoka kwake kuja kwangu, na mama yetu mzee lazima azunguke barabarani akitaka kutuona sote.

Nyamusi amerudi dukani. Juzi alienda Bomet, hakuniambia anaenda kufanya nini. Aliporudi akakaa juu ya gunia la unga bila kuvua viatu.

"Kwa mizani yangu wameandika msichana kutoka Mulot," akasema.

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni mpole. Watu wanamsalimia." Akaangalia viatu vyake. "Tisheti inamkaa vizuri, Mama. Kuliko ilivyonikaa."

Akaanza kulia upya. Hapo ndipo niliogopa, maana sasa anamwonea wivu mtu ambaye hajamkosea kitu, hata jina lake hajui.

Kwa hiyo mama mwenzangu, mfundishe binti yako kwamba maharagwe ya supamaketi yana mwenyewe. Lakini kabla ya hayo, mkalishe jikoni umuulize kama anaenda kutafuta kazi, au anaenda kumfuata mtu.