Seva Inayotafuta Jina Lake

Mimi sipendi kusasisha kitu kinachofanya kazi. Huwa nasema hivyo waziwazi, na wenzangu hospitalini huniita mwoga. Lakini Jumamosi ile hatukuwa na hiari. Seva yetu ya zamani, ile tunayoiita Mikeno, ilikuwa inakufa. Diski zake zilikuwa zimeanza kuharibika moja baada ya nyingine, na ndani ya chuma hicho kimoja zinaishi kompyuta kadhaa zisizo na mwili: ya labo, ya famasi, ya mapokezi. Diski nyingine ikiharibika, zote zingeondoka pamoja nayo.

Seva mpya tulikuwa nayo. Ilipitia Gisenyi, ikavuka mpaka, ikafungwa kando ya Mikeno, na sasa ilikuwa inawaka taa zake za kijani bila kazi yoyote. Kilichotukwamisha ni msimamizi. Ndivyo tunavyoiita programu inayotoa amri kwa seva zote: washa hii, zima ile, hamisha kompyuta hii kutoka chuma hiki hadi kile. Msimamizi wetu alikuwa wa toleo la zamani, hakuitambua seva mpya. Kwa hiyo ilibidi tumsasishe kwanza, ndipo ahamishe kila kitu kabla Mikeno haijakata roho.

Tulichagua asubuhi ya salongo, siku ya usafi wa wote. Mji mzima unakuwa nje na mifagio na majembe, maduka yamefungwa, hata sisi hospitalini tunapata utulivu kidogo. Kutoka dirishani niliwaona walinzi wakizoa vumbi jeusi uani. Papa Donat, mkuu wa ofisi yetu ya kompyuta, alikuja na shati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda misa. Ni muzee wa Butembo, mpole, haongei mpaka alazimike. Mimi Charline natoka upande wa Bukavu, na watu husema sisi midomo yetu haifungi. Hawakosei.

Tulizima kompyuta zote za ndani ya Mikeno zisiharibike njiani, nikabonyeza. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa kwenye skrini. Ulipokaribia mwisho ukasimama.

"Jephté, amuka bwana," nikasema. Jephté lilikuwa jina la msimamizi. Nilimkuta nalo nilipoajiriwa mwaka jana, na nimezoea kumsemesha. "Jephté! Unalala tu! Mutu gani huyu, kila asubuhi mupaka apigiwe makelele?"

Papa Donat akatabasamu kidogo, kama kawaida yake nikianza hivyo. Kisha maandishi mekundu yakatokea, na tabasamu likaisha. Kusasisha kumeshindikana. Msimamizi hakuwa tena wa zamani, wala hakuwa mpya. Alikwama katikati, na hakuna huduma yake hata moja iliyowaka.

"Turudilie kopi ya jana," nikasema.

"Kopi haiko. Mikeno haikukuwa na nafasi ya kuiweka."

"Basi tuingie ndani ya Mikeno moja kwa moja."

"Tuliifunga, Charline. Inasikia msimamizi peke yake."

Ni kweli, tuliifunga sisi wenyewe kwa ajili ya usalama, na siku ile tulijipongeza sana. Nikatazama uso wa Mikeno. Taa nyingine ya machungwa ilikuwa imewaka.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Baharanyi wa labo, mtunzaji wa banki ya damu, glavu bado mikononi.

"Charline, mashini ya labo imekufa?"

"Haiyakufa, imekwama. Ngojea kidogo."

"Siwezi kungojea. Kuko mama moja kwa maternité, Gisèle, ametoka kuzaa sasa hivi na damu haisimame. Ni O négatif. Docteur Lucie anataka mifuko mbio mbio."

"Si uko nayo kwa frigo?"

"Niko nayo ine. Nilizipima zote jana. Moja iko na hépatite." Akavua glavu moja, akaivaa tena. "Lakini etiketi haziyatoka. Juu ya mifuko kuko namba tu. Ile mbaya ni gani, mashini ndiyo inajua."

"Wewe hukumbuki?"

"Jana nilipima mifuko mingi, Charline. Unataka nimuwekee mutu damu kwa kukumbuka-kumbuka?"

"Pima tena."

"Na nini? Dawa za kupima ziliisha jana ile ile. Tumepiga simu kila hospitali, Murara, Mapendo, hawana dawa wala O négatif. Bwana yake, Cikuru, amenyoosha mukono, lakini yeye ni A."

Nikaelewa yote kwa mara moja. Mifuko minne ndani ya friji, mmoja wao sumu, una homa ya ini, na jibu liko ndani ya Mikeno, nyuma ya mlango ambao msimamizi peke yake anaweza kuufungua. Gisèle simjui. Lakini tangu dakika ile nilikuwa namfanyia kazi yeye, si hospitali.

Nikaketi. Kwanza nikaangalia nafasi kwenye diski ya msimamizi: ilitosha. Saa yake: sawasawa. Vyeti vyake vya usalama: havijaisha muda. Nikawasha huduma zake kwa mkono; zikawaka, zikazima. Nikawasha tena, zikawaka, zikazima. Jasho likanitoka kwapani ingawa chumba kile tunakipoza mchana na usiku. Baharanyi alikuwa amesimama nyuma yangu, namsikia anavyovuta pumzi.

"Papa Baharanyi, ukiendelea kunipumulia hapa nitakosea. Enda uweke karatasi kwa imprimante. Ukisikia inalia, kimbia."

Akatoka. Kupitia mlango uliobaki wazi nilimwona kijana ameinama kwenye benchi ya korido, viatu vina matope ya salongo, koleo bado iko kando yake. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Nilirudisha macho kwenye skrini haraka.

Nikafungua maandishi ambayo msimamizi huyaandika mwenyewe kila anapofanya jambo. Ni mistari elfu na elfu, na mingi ni porojo. Nikaenda mwisho, nikapanda juu polepole, na hapo nikaona kitu kinachojirudia. Alikuwa anatafuta seva iitwayo nyiragongo. Hapati jibu. Anatafuta tena. Hapati jibu. Anazima.

Nyiragongo? Hapa kwetu kila seva hupewa jina la mlima wa Virunga, huo ni utaratibu wa tangu zamani. Lakini Nyiragongo, ule mlima wa moto ulio juu ya mji wetu, sikuwahi kuusikia ndani ya chumba hiki. Nilidhani waliiruka makusudi, na niliwapa haki, maana nani anataka kuambiwa kila wiki kwamba Nyiragongo ina matatizo?

Halafu nikashtuka. Msimamizi wa aina hii hupewa jina siku anapowekwa, na hulishika daima. Siku za kawaida halimshughulishi. Anaposasishwa, hapo ndipo anajiuliza yeye ni nani: anakwenda kwenye kitabu cha anwani za mtandao, anatafuta jina lake, na akikuta anwani yake imeandikwa jina la mwingine, anakataa kuamka. Huyu alikuwa anajitafuta mwenyewe. Mtu aliingia kwenye kitabu cha anwani, akafuta Nyiragongo, akaandika Jephté.

Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Ni mupumbavu gani alibadilisha jina ya msimamizi?" nikapiga kelele. "Mutu anajichezea na majina, anaenda kulala, na leo mama wa watu anaisha damu! Nikimupata huyo, haki ya Mungu, nitamu..."

"Ni mimi," Papa Donat akasema.

Alikuwa amesimama mbele ya Mikeno, amenipa mgongo. Mkono wake ulikuwa juu ya chuma.

"Papa?"

"Jephté ni mutoto yangu." Alisema bila kugeuka. "Ule mwaka volcan ilitoka, bibi yake, ule muzee, alibakia Kibati, kule chini ya mulima. Kesho yake asubuhi akasema anaenda kumuangalia. Nikamukataza. Akapita juu ya mawe ya moto na wenzake, wakasema imepoa. Kumbe moshi ilikuwa ingali inatoka. Hakufika kwa bibi yake. Nikarudi kwa kazi. Nafungua mashini, jina ya kwanza ninasoma ni Nyiragongo. Kila siku, Charline. Siku moja nikafuta. Mashini iliendelea kutumika, nikasema haina shida."

Ulimi niliokuwa nao dakika moja iliyopita niliutamani uwe wa mtu mwingine. Na bado muda ulikuwa unapita, na bado yule kijana alikuwa kwenye benchi.

Kitabu cha anwani kilikuwa kwenye kompyuta ndogo ya zamani juu ya meza ya Papa Donat, nje ya seva zote, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake. Nilijua la kufanya, na yeye pia alijua. Anwani moja hujibu kwa jina moja. Mawili hayakai.

"Papa," nikasema, "iko lazima turudishe jina."

"Najua."

"Na ile ingine itoke."

Akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitesa zaidi. "Unaniomba nimutoe mutoto, niandike ule mulima ulimukula."

"Ndiyo, Papa." Nilikuwa nalia mimi. "Ninakuomba."

Alitazama mlangoni, kule kwenye benchi. Cikuru alikuwa ameinua kichwa na anatutazama, haelewi kitu, anasubiri tu mtu yeyote amwambie lolote. Papa Donat akavuta kiti, akaketi, akanyoosha kola ya shati lake, akaandika neno la siri. Jina la mwanawe likaonekana kwenye mstari wake. Akaliwekea kidole kwenye skrini, kisha akalifuta. Lile la pili aliliandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na alipomaliza akasukuma kibodi mbali naye.

"Endesha," akasema.

Nikaendesha. Msimamizi akatafuta nyiragongo, akapata jibu. Mstari wa bluu ukaondoka pale ulipokuwa umekwama. Huduma ya kwanza ikawaka na haikuzima. Ya pili ikawaka. Nilikuwa nimeshika meza kwa mikono miwili, sithubutu kusema neno, maana kila nikifungua mdomo jina lililotaka kutoka ni lile lile la kila siku.

Alipoamka, aliiona seva mpya mara moja. Nikamwagiza ahamishe kompyuta ya labo kabla ya nyingine zote. Mikeno ilikuwa inatoa vitu polepole, inasita, inaendelea, na Papa Donat alikuwa anaisemesha kwa Kinande kwa sauti ya chini. Hatimaye labo ikawaka ndani ya chuma kipya. Kutoka upande wa pili wa korido imprimante ikalia, ikaanza kuchapa majibu, nikasikia viti vinaanguka na miguu ya Baharanyi inakimbia.

"Nimeiona!" alikuwa anapiga kelele njiani. "Mbaya nimeiona, nimeitoa!"

Kompyuta ya famasi nayo tuliihamisha. Ya mapokezi haikuwahi. Mikeno ilizima taa zote ikiwa imeibeba, na Jumatatu watu wa mapokezi wangetutukana, na wangekuwa na haki. Siku hiyo haikunihusu hata kidogo.

Tukakaa. Mji ulikuwa umeanza kurudi, pikipiki zinapiga honi, salongo imekwisha. Baada ya muda mrefu Baharanyi akachungulia mlangoni, akasema damu imeingia na ile iliyokuwa inatoka imesimama, na Docteur Lucie anasema mama ataona mtoto wake. Kwenye korido Cikuru alikuwa amepiga magoti chini kabisa, paji la uso kwenye benchi.

Nilimtazama Papa Donat. Nilikuwa na deni la maneno, nikaanza kwa pale nilipoweza.

"Papa, hii seva mupya haiyapata jina. Tunaweza kuiita..."

"Hapana, Charline. Mashini zinakufa. Umeona Mikeno." Akatikisa kichwa. "Acha tu."

"Basi unisamehe. Kila siku nilikuwa namutukana. Mvivu, mulalaji. Na wewe unasikia, unanyamaza."

Alishangaa kweli. Alinitazama kana kwamba nimesema jambo la kuchekesha.

"Unisamehe ya nini? Kule nyumbani hakuna mutu anaita ile jina tena. Mama yake akiisikia analia, basi tuliiacha. Hapa kila asubuhi ninafika, ninasikia: Jephté, amuka. Jephté, unafanya nini. Nilikuwa nakuja mapema juu ya kusikia hiyo."

Skrini ilikuwa mbele yetu, na juu yake limeandikwa jina la mlima. Nikakizima kioo chake, nikageuza kiti nikamwelekea.

"Alikuwa anapenda nini, Jephté?"

"Kulala," Papa Donat akasema. "Kumuamusha kwenda masomo ilikuwa kazi. Unaita, unaita, mupaka sauti inakauka."

Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Nikakaa naye pale nikimsikiliza mpaka walinzi walipokuja kuuliza kama leo tunafunga ofisi au hapana.