Mtu wa Kwanza Kutakiwa Heri

Mektrida alikuwa mtu wa kusema ukweli, na watu wa Kibosho walimwogopa kwa hilo. Angekuambia mbele ya kanisa zima kwamba ng'ombe wako amekonda kwa uvivu wako, kisha akuulize hali ya watoto kana kwamba hajasema kitu. Kwa hiyo ziliposikika habari kwamba Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi wazee wa ukoo watampeleka shemeji yake Filemon kwake, akiwa ameshika isale, kila mtu alijua patachimbika.

Asiye wa huku mlimani aelezwe. Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba. Mtu aliyekukosea akikunyooshea jani hilo mbele ya wazee, huna ruhusa ya kulikataa, hata kama kosa lenyewe ni la damu. Unalipokea, unasema yamekwisha, na mnakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja. Ukilikataa, baya lolote litakalofuata watu watasema umelitafuta mwenyewe. Wazee walitaka jambo hilo liishe kabla watoto wa ukoo hawajarudi kutoka Dar na Arusha kula sikukuu, maana ni aibu kuchinja mbuzi mmoja na kumla katika nyua mbili.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Filemon ni kaka mkubwa wa marehemu Fabian, mume wa Mektrida. Filemon alikuwa kiongozi wa misafara ya wageni wanaopanda Kilimanjaro, na Fabian mpagazi wake. Miaka miwili iliyopita, katika kambi ya juu, Fabian alilalamika kichwa kinampasuka. Wageni walikuwa na haraka ya kufika kileleni. Filemon akamwambia mdogo wake ashuke mwenyewe taratibu, watakutana chini. Walimkuta kesho yake ameegemea jiwe kando ya njia, mzigo wake ameuweka vizuri pembeni. Daktari alisema mapafu yalijaa maji.

Tangu siku hiyo Mektrida hakumjibu Filemon hata salamu, na wanaishi kihamba kimoja, nyumba zikitenganishwa na migomba tu. Zamu ya maji ya mfereji ilipotoka kwa Filemon kuja kwake, aliyaacha yapite kwanza, eti yasije yakamchafulia kahawa. Sasa anatakiwa kupokea jani na kusema yamekwisha. Hayajakwisha. Akisema yamekwisha atakuwa amedanganya mbele ya Mungu na mbele ya Fabian kaburini, yeye ambaye hajui kudanganya. Akikataa, atakuwa amewakata watoto wake wawili kutoka kwenye ukoo wa baba yao. Alikosa usingizi, na uso wake ukawa wa kumfukuza hata muuza maziwa.

Alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya mama Salvina, muuguzi mstaafu ambaye siku hizi alikuwa na mambo yake. Mwezi huo wa Desemba Salvina alikuwa amemwalika mtawa wa Kibudha aje kufundisha kutafakari. Walimu na wauguzi walipanda kutoka Moshi mjini, wakavua viatu mlangoni, wakakaa sakafuni juu ya mikeka bila kusema neno. Mektrida aliwachungulia akatikisa kichwa. Watu wazima, wana kazi na mishahara, wamekuja kulipia kukaa kimya!

Mtawa mwenyewe aliitwa Sumana. Alitoka Sri Lanka, lakini alikuwa ameishi Dar miaka mingi na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha wengi wetu. Alikuwa kijana bado, kichwa kimenyolewa, na baridi ya Kibosho ilikuwa imempiga mafua, hivyo juu ya vazi lake la rangi ya chungwa alivaa sweta la kijani la mama Salvina. Jioni ya kwanza Mektrida alimpelekea ndizi na maharage. Mtawa akashukuru kwa heshima zote akasema hali chochote baada ya adhuhuri.

Mektrida alirudi jikoni amefura. Kwetu mtu hakatai chakula chako hivi hivi. Anayekikataa ana neno na wewe, au anaogopa utamwekea kitu. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja hata maji nyumbani kwa Filemon kwa miaka miwili, na kila mtu alijua maana yake.

"Ananidhania mchawi?" alimuuliza Salvina.

"Ni utaratibu wao, Mektrida. Watawa wenzake wote ndivyo wanavyoishi. Mpe asubuhi uone atakavyokula."

Asubuhi mtawa alikula uji, akala ndizi, akaomba tena. Mektrida akapoa kidogo.

Jiko lilipakana na chumba cha mikeka, na ukuta ulikuwa wa mbao. Kwa hiyo, apende asipende, alisikia kila kitu akiwa anamenya ndizi. Alimsikia mtawa akiwaambia watazame pumzi inavyoingia na inavyotoka, na akili ikikimbia waiite tena bila kuigombeza. Siku iliyofuata aliwafundisha kutakia watu heri. Uanze na wewe mwenyewe, alisema: niwe salama, niwe na amani. Kisha umtakie hivyo hivyo mtu unayempenda, kisha mtu usiyemjua sana, kama muuza duka. Mwisho umtakie yule ambaye hutaki hata kusikia jina lake.

Mektrida alijaribu kisu kikiwa mkononi. Kujitakia mwenyewe aliona ni tamaa, akaruka. Aliwatakia heri watoto wake, Theodora na mdogo wake, ikapita vizuri. Alimtakia heri muuza mkaa wa njia panda, ikapita pia. Alipofika kwa Filemon mkono ulisimama, na ndizi ikabaki nusu na ganda lake. Alijaribu siku hiyo, akajaribu na kesho yake. Kila mara alikwama palepale.

Ijumaa alimkuta mtawa uani akianika vazi lake kwenye kamba.

"Shikamoo mama," mtawa alimwahi.

"Padri, usiniamkie bwana, wewe ni mtu wa Mungu." Hakuwa na jina jingine la kumwita mtu wa namna ile. "Naomba kukuuliza. Hao watu wako wa kutakiwa heri. Huyu wa mwisho hapiti."

"Hapiti vipi?"

"Nikimfikia, naona bora nimtakie hayo mafua yako."

Sumana alicheka mpaka akakohoa, akajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Na yule wa kwanza anapita?"

"Wa kwanza nani?"

"Wewe mwenyewe."

"Huyo nimemruka. Mimi sina shida."

Mtawa alinyoosha vazi pale lilipojikunja. "Mimi nilikaa kwa mtu wa kwanza karibu mwaka mzima, mama. Mwalimu wangu alinikatalia kusogea. Nilikuwa nimemkasirikia baba yangu, nikadhani yeye ndiye mlima wenyewe."

"Kwa hiyo nimsamehe huyu mtu? Maana Jumapili wananiletea isale." Akamweleza yote, mlima, jani, na wazee.

"Kusamehe sitakulazimisha, wala siwezi. Ukisema uongo siku hiyo, uongo huo utakaa nao wewe, si wazee. Ila kabla ya Jumapili keti mahali. Anza na wewe. Kitakachokuja, kitazame kikija, kitazame kikiondoka. Usikifukuze, na usikikaribishe chai."

"Na rozari yangu?"

"Sali. Nani amekukataza?"

Jumamosi mchana, wageni walipokwenda kutembea mtoni, Mektrida alivuta kigoda chake cha jikoni, akaketi, akaweka mikono mapajani. Sufuria la maharage lilikuwa linatokota. Alitazama pumzi. Aliona aibu kama mtu aliyekutwa anajitazama kwenye kioo. Akasema moyoni: niwe salama. Niwe na amani.

Kifua kikambana. Alitaka kuinuka akoroge maharage, akajizuia. Niwe na amani, alirudia, na hapo ikaja sauti, si ya Filemon wala ya Fabian. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, kali kama alivyozoea kuongea, asubuhi ile ya safari ya mwisho: "Wenzako wanapanda mlima, wewe umekaa jikoni unakohoa kama bibi!"

Fabian alikuwa amekohoa wiki nzima. Alikuwa amemwambia safari hii ataiacha, atamwomba kaka yake atafute mtu mwingine. Ndipo yeye akamwambia maneno yale, watoto wakisikia. Fabian alicheka kidogo, akafunga kamba za viatu, akabeba begi akatoka. Hakuaga vizuri kwa sababu mkewe alikuwa amempa mgongo.

Hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililomuumiza. Alikuwa anajua siku zote, na kila neno lile lilipotaka kuinua kichwa, alilifunika haraka kwa jina la Filemon. Filemon alimwacha. Filemon alimuua. Miaka miwili alikuwa amemchukia yule mtu kwa bidii kama mtu anayelima shamba, asije akapata nafasi ya kukaa chini akasikia. Sasa alikaa akasikia. Ilimuuma mpaka akajishika tumbo, na machozi yakamdondokea mikononi, lakini hakuinuka. Maumivu yalipanda, yakashuka kidogo, yakapanda tena. Katikati ya hayo, bila kuitwa, Filemon alimjia akilini: mtu aliyemzika mdogo wake, tangu hapo akaacha kupanda mlima, siku hizi anauza majani ya ng'ombe. Ikawa mara ya kwanza kumwona bila kutaka kumtemea mate.

Salvina aliingia mbio kwa harufu ya maharage yaliyoungua. Alimtazama usoni, akazima jiko, akatoka bila kuuliza.

Usiku ule Mektrida alikuwa na vita nyingine. Hakuna aliyejua maneno yale. Watoto walikuwa wadogo mno kuyakumbuka. Kesho angeweza kupokea jani, na sasa hata asingekuwa mwongo, maana hasira yenyewe ilikuwa imelegea. Ukoo mzima ungemsifu kwa moyo mkubwa. Angebaki mjane aliyekosewa, na heshima yake mahali pake. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Aliwaza hivyo, akaona kifua kinabana tena palepale.

Jumapili baada ya misa walikuja. Mbele alitangulia mzee Yakobo, mkubwa wa ukoo, na nyuma Filemon katika koti lake la kanisani, macho chini. Mbege ililetwa, majirani wakasogea kama watu wanaopita tu. Filemon alipiga magoti kwenye majani, akanyoosha isale kwa mikono miwili.

"Shemeji," alisema. "Nilimwacha ashuke peke yake. Nilikuwa mkubwa wake na kiongozi wake. Naomba unisamehe."

"Pokea, mama Theo," mzee Yakobo alimhimiza. "Useme yamekwisha."

Mektrida alilipokea jani. Watu wakashusha pumzi, na mtu mmoja tayari alikuwa amenyanyua kata ya mbege.

"Hayajakwisha," alisema.

Kata ikarudi chini. Mektrida alitembea mpaka kwenye mpaka wa kihamba, akakata isale jingine kwa mkono wake, akarudi. Akapiga magoti mbele ya Filemon, uso kwa uso, naye akanyoosha jani.

"Mama Theo, unafanya nini?" Yakobo aling'aka. "Aliyekosewa ni wewe! Jambo hili sijaliona tangu nizaliwe."

"Basi lione leo, mzee." Akamgeukia Filemon, akasema kwa nguvu ili hata wale wanaopita tu wasikie. "Fabian alikuwa anaumwa. Aliniambia haendi. Nikamtukana mbele ya watoto, nikamwambia anakohoa kama bibi. Alipanda kwa sababu yangu. Wewe ulimwacha njiani, lakini mimi ndiye niliyemtoa nyumbani, na miaka miwili nimekubebesha wewe yote. Yeye siwezi kumwomba. Wewe ni ndugu yake wa tumbo moja. Naomba unisamehe."

Mektrida hakuinamisha uso. Alisubiri chuki ya Filemon, na alikuwa tayari nayo.

"Nilijua," Filemon alisema.

"Ulijua nini?"

"Aliniambia tukiwa getini, kabla hatujaanza kupanda. 'Kaka, mama Theo kanifukuza, anasema nakohoa kama bibi.' Akacheka, nikacheka. Nikamsikia anakohoa njia nzima, na bado nikampandisha."

"Miaka miwili nakutangaza muuaji," Mektrida alisema polepole, "kanisani, sokoni, kila mahali. Na neno hilo unalo. Hukumwambia mtu?"

Filemon alitikisa kichwa.

"Watoto walikuwa wamebaki na mzazi mmoja, shemeji," alisema. "Nikaona na huyo nisiwaharibie."

Kisha akanyoosha mikono yake miwili akalipokea jani.