Kidole Kisicho Changu

Mimi, Tabu binti Bashiru, ni mgonjwa wa sukari, na sioni haya kulisema, maana hakuna ugonjwa mwingine hapa Kiongoroni uliomletea mtu simu kubwa. Binti yangu Nasra aliniletea simu hiyo ikiwa na programu ya kufuatilia sukari. Nikijidunga kidole, kipimo kinaipa simu namba, simu inaipeleka kwa daktari Haidari huko Kibiti, na daktari Haidari, ambaye ni rika la mwanangu wa mwisho, ananiandikia. Huniuliza nimekula nini. Nikijibu samaki na mlenda, hunijibu kwa heshima zote kwamba mlenda haujawahi kumfikisha mtu sukari ya kumi na mbili. Kijana ana adabu zake zote, ila kuniamini hawezi.

Basi nikaamua kumkomesha. Miezi minne mfululizo namba zangu zilikuwa tano, sita, saba, na sukari yenyewe niliifukuza nyumbani, hata chembe hukuti. Mume wangu Shaabani akitaka chai ya sukari huenda kuinywa kwa jirani, na hurudi na furaha zaidi kuliko aliyoondoka nayo, jambo ambalo bado nalichunguza.

Siku ya akika ya mtoto wa Nasra nilikuwa na furaha ya kunirusha. Mbuzi alishachinjwa, wali unasubiri tui, na uani kwangu walijaa wanawake kumi na sita, kila mmoja anaongea na hakuna anayesikiliza. Wengine wanakuna nazi, wengine wanakaanga visheti. Dada yangu Sikudhani, aliyenitangulia kwa miaka sita na kwa kila kitu kingine, alikuwa mkuu wa karai la visheti. Ilipokaribia saa sita mchana simu ikalia kunikumbusha kupima. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikakaa mkekani upenuni, pembe ile ambayo mtandao unafika, nikatoa kipimo, nikashika sindano, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Karibuni."

Kwetu huwezi kufanya jambo mbele ya watu usiwakaribishe. Ukila, karibu. Ukinywa maji, karibu. Mwenye akili hujibu "starehe", mambo yakaisha. Lakini jirani yangu Fatu hakusema starehe. Alifuta mkono kwenye kanga, akakaa mbele yangu, akanyoosha kidole.

Ningemwambia nini? Nimeshamkaribisha. Nikajidunga mimi kwanza, nikapata sita, kisha nikaweka sindano mpya, nikamdunga, ikatoka tano pointi moja. Hanifa aliyekuwa nyuma yake akapata saba pointi nane, akapiga kigelegele, akamwambia Fatu kwamba tano ni ya watoto. Fatu akanuna kweli. Nikaeleza kwamba kwenye mambo haya mdogo ndiye mshindi, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu sasa yakawa mashindano. Wakajipanga foleni hadi jikoni. Wali ukabaki na msichana mmoja, nazi zikaachwa nusu. Mimi nabadilisha sindano, nabadilisha kijiti cha kipimo, nadunga, nasema "haya, mwingine", na kila mtu anajisomea namba yake na kuitangaza mwenyewe. Hata Sikudhani akaja, yeye ambaye miaka yote alikataa kupimwa, akasukumwa na vicheko vya wenzake hadi kwangu. Akakitazama kipimo, akasema tano, akainuka kwenda kunywa maji mtungini. Nilifurahi mno kumwona kwenye foleni, hata sikuinua macho.

Nilipomaliza, katika vijiti kumi na vinane nilivyotakiwa kutumia hadi mwisho wa mwezi, kilibaki kimoja. Nilijisemea Mungu atanifungulia njia. Adhana ikaadhiniwa, tukaswali, na baada ya swala Shaabani akatumwa dukani kuleta sukari ya kupika shira ya visheti, maana, kama nilivyosema, kwangu haikuwapo.

Simu ikalia tukiwa tunapakua. Ni daktari Haidari, na sauti haikuwa yake ya kila siku. Aliniuliza kama nimekaa, kama naona vizuri, kama nimetapika. Nikamwambia napakua wali. Akasema, "Mama Nasra, programu inaniambia umepimwa mara kumi na saba leo. Unaanzia sita, unashuka nne, unapanda tisa, halafu una ishirini na saba pointi nne."

Nikacheka hadi nikashika nguzo. Nikamweleza habari ya foleni, nikamhakikishia kwamba sita ndiyo yangu, hizo nyingine ni za wageni. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo hapo kwako kuna mtu mwenye ishirini na saba, anakula wali, wala hajijui. Mtafute sasa hivi, mama. Asilale bila kuonwa."

Kicheko kikanikauka. Miaka miwili nyuma mimi mwenyewe niliokotwa njiani nikiwa na ishirini na tano, simjui Shaabani wala jina langu. Na mama yetu, Mungu amrehemu, sukari ilimchukua mguu kwanza, kisha ikamchukua mwenyewe. Muuguzi wa zahanati yetu alikuwa kwenye semina. Boti ya kwenda Nyamisati, ndiyo njia yetu ya Kibiti, ingeondoka saa tisa, maji yakijaa, na hapo ilikuwa saa saba na nusu.

Nikasimama katikati ya uani, nikauliza nani mwenye ishirini na saba.  Wakaanza kujibu wote kwa pamoja, na hakuna hata mmoja aliyekubali zaidi ya sita. Tano pointi moja ilidaiwa na watu wanne, Fatu akitaka kupigana kwa ajili yake. Hanifa, aliyeringia saba pointi nane mbele ya kadamnasi, aliapa hajawahi kuizidi nne. Nikafungua programu. Namba zote zimo, saa zote zimo, na juu yake jina moja tu, Tabu Bashiru, kana kwamba nina vidole vya kijiji kizima. Ile ishirini na saba ilipimwa saa sita na dakika kumi.

Nikawaamuru wajipange upya kama walivyokuwa. Mtu mzima ukiambiwa urudi kwenye foleni uliyokwisha maliza, unakumbuka vizuri sana nani alikukanyaga. Huyu alisimama na mbuzi ya kukunia mkononi, yule alikuwa anamwongelea vibaya wa mbele yake. Tukahesabu kwenye simu, kidole kwa kidole, na ya saa sita na kumi ikaangukia kati ya shemeji Waride na mama mkwe wa Nasra. Pale alikuwa amesimama dada yangu, Sikudhani.

Simu ilikuwa bado hewani, nimeiweka sauti ya juu. Daktari akauliza kama huyo mama alinawa mikono kabla ya kupimwa, maana sukari ikiwa kwenye kidole hukidanganya kipimo.

"Sikunawa," dada akadakia. "Nilikuwa nageuza visheti kwenye shira. Mikono yote ilikuwa inanata."

Uani pakalipuka vigelegele. Fatu akamkumbatia, mtu akaanza kuimba, na mimi nilikuwa wa kwanza kucheza, narusha mabega na simu mkononi, huku daktari akiita "haloo, haloo" kama mtu aliyepotea mkokoni. Nilizunguka mara mbili. Katika mzunguko wa pili nikamwona Shaabani mlangoni, na mkononi bado ameshika mfuko mtupu wa sukari.

Nikaacha kucheza.

Sukari iliingia nyumbani kwangu baada ya swala. Saa sita na dakika kumi adhana ilikuwa bado. Visheti vilikuwa vikavu karaini, shira hakuna, na ungepekua nyumba nzima usingepata chembe ya kubandika kidoleni. Nikamtazama dada yangu. Alikuwa ameshika kata ya maji, na nikakumbuka kwamba tangu asubuhi nilikuwa namwona na kata ile.

Sikupiga kelele, ingawa mimi kelele hazinigharimu kitu. Nilimshika mkono, nikampeleka pembeni kwenye ndoo, nikamnawisha kwa sabuni kidole kimoja kimoja, nikamkausha kwa kanga yangu. Akaniacha nifanye. Nikachukua kile kijiti cha mwisho. Ishirini na sita pointi tisa.

"Uliiona mwanzoni," nikamwambia.

"Niliiona, Tabu. Nikauona na mguu wa mama."

Nikalia palepale, kwa hasira na kwa mapenzi, siwezi kusema kipi kilizidi. Nikamwambia mguu wa mama haukuwa na daktari wa kuupigia simu, na wa kwake unaye, tena yuko hewani anasikia. Daktari akamwamkia kwanza shikamoo, ndipo akampa maagizo: anywe maji, asile kitu, aje na boti hiyo, yeye atamsubiri. Dada akaitikia marahaba kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Hakusafirishwa kinyonge. Wanawake wale wote walimsindikiza hadi ufukweni wakipiga sufuria na vigelegele, mbele kabisa Fatu akitangaza tano pointi moja yake kwa kila nyumba tuliyopita. Mwenye boti akauliza biharusi ni yupi. Sikudhani akanyoosha kidole chake kilichodungwa, akasema ni huyu, na tukacheka hadi boti ikayumba. Mimi nilipanda naye, na wali sikuuonja.

Alikaa Kibiti siku nane. Aliporudi, na miguu yake yote miwili, alikuwa na dawa, kipimo chake, na programu kwenye simu ya mwanawe yenye jina lake mwenyewe. Mimi nilipewa vijiti vipya pamoja na onyo la maandishi kutoka kwa daktari Haidari, kwamba karibu yangu iishie kwenye chakula.

Kesho yake asubuhi nilikuwa upenuni nanawa mikono. Ng'ambo ya ua wa makuti nikasikia simu ikilia kukumbusha, maji yakimwagika, kisha sauti ya dada yangu, ileile kubwa ya kuamrisha karai la visheti.

"Tabu, karibu."

Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Halafu nikasema, "Starehe, dada."