Ujumbe Namba Arobaini na Moja

Lokwang alikuwa mwandishi wa programu mjini Lodwar, na programu zake zilikuwa nzuri, tumpe haki yake. Kuandika maelezo ndiko kulikomshinda. Programu yake ililinda friji za chanjo: friji ikipata shida, simu ya mhudumu hupokea ujumbe wenye namba, naye hufungua kitabu kuona uzito wa jambo, maana yake na hatua ya kuchukua. Jumbe zilikuwa sitini na mbili, na kitabu kilitakiwa Ijumaa. Alhamisi mchana maana zote zilikuwa tayari, lakini hatua hazijafika hata nusu. Basi akafanya kama wafanyavyo wavivu wenye akili. Kila palipokuwa wazi, alinakili hatua ya ujumbe wa juu yake, akijiambia atarudi kurekebisha. Hakurudi.

Miezi minne baadaye alikuwa kwenye gari la ofisi akielekea Kakuma na bosi wake, Fathia. Mkobani mwa Fathia mlikuwa na barua ya kumwachisha kazi Adhar, mhudumu wa friji katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi ya huko. Chanjo zote zilikuwa zimeharibika. Friji ilituma ujumbe namba arobaini na moja siku tatu mfululizo, na Adhar hakufanya kitu.

"Hakukupigia simu?" Fathia aliuliza.

"Wengi hunipigia, Madam," alijibu, akigeukia dirishani kutazama miti ya mathenge.

Alikumbuka vizuri sana. Siku ya pili Adhar alipiga, naye, akiwa mezani na wenzake, akamkatiza: "Dada, kila kitu kiko kwa kitabu. Fuata kitabu." Sasa uso ulimwaka kwa aibu, na bado hakusema.

Adhar, mwanamke mrefu kutoka Sudan Kusini aliyelisha watu saba kwa kazi hiyo, aliwapokea kwa "ejok", salamu ya Kiturkana, kwa sauti ndogo. Kitabu chake alikuwa amekijalidi kwa nailoni na kupiga mistari kwa rula chini ya kila hatua. Fathia alipoitoa barua na kumweleza, Lokwang alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Madam, hiyo barua nitachukua," Adhar alisema. "Lakini huyu mwenye aliandika anionyeshe mahali nilikosea kusoma. Hata nikienda, nijue."

Akafungua ukurasa. Uzito: hatari. Maana: kipimajoto hakisomeki. Hatua: hakuna, betri inachaji, subiri, usifungue mlango.

"Betri inatafuta nini hapa?" Fathia aliuliza.

"Hata mimi nilishangaa. Ndio nikapiga simu."

"Ulimpigia nani?"

Adhar alitazama miguu yake. "Alikuwa na kazi mingi, Madam. Si makosa yake."

Kusitiriwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemponza, hilo ndilo lililomvunja Lokwang. Angeona afadhali atukanwe.

"Alinipigia mimi," alisema. "Nikamwambia afuate kitabu. Hakukosea kusoma, Madam. Hiyo hatua ni ya namba arobaini. Nilinakili nijaze nafasi. Na kwenye gari nilikuficha."

Fathia aliichana barua vipande viwili bila kumtazama. Nje kina mama waliobeba watoto walikuwa wakiambiwa warudi wiki ijayo, na kila neno lilisikika hadi ndani.

Adhar hakushukuru wala hakugomba. Aligeuza ukurasa, akaweka kidole. "Na hii ya arobaini na mbili? Uliandika, ama ulinakili?"

Lokwang aliisoma mara mbili. Kitabu kama hicho kilikuwa katika zahanati kumi na moja, kuanzia Kaaleng mpaka Namoruputh, mikononi mwa watu waliokiamini kama Adhar.

"Sikumbuki," alisema.

Adhar akamsogezea kiti na kalamu. "Kaa, basi. Tuanzie moja."