Tofali Lililovaa Soksi

Usiku wa jana niliota niko kazini, napiga deki ukumbi wa mtaa, na viti vimepangwa kama vya harusi ya watu waliogombana: vya kulia vinatazama ukuta wa kulia, vya kushoto vinatazama ukuta wa kushoto. Akina mama wenzangu mnaoishi huku Ireland ya Kaskazini, hasa wenye watoto wa sekondari, naomba msome mpaka mwisho. Mimi si mtu wa kuota ovyo.

Mnaujua mji wetu. Kuna ukuta katikati, ukuta una lango, na lango linafungwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Upande mmoja kingo za barabara zimepakwa rangi za bendera ya Uingereza, nyekundu, nyeupe na buluu. Upande wa pili za bendera ya Ireland, kijani, nyeupe na rangi ya chungwa. Sisi tunakaa upande gani sitasema, maana si hoja. Saa hiyo vijana wa pande zote huja langoni kurushiana matofali, polisi wakija kuwaamua matofali yanawageukia polisi, na kesho yake wanasiasa wanatoka kulaani. Tumezoea.

Basi katikati ya ukumbi ameketi polisi, kijana tu, mashavu mekundu. Jina liko kifuani: Konstebo Quigg. Amepasuka juu ya jicho lakini damu haitoki. Amepakata tofali mapajani kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Pole, baba," namwambia. "Nikuletee kitambaa?"

"Bado, mama, asante. Siruhusiwi kutoka damu mpaka walaani."

"Nani?"

"Pande zote mbili, kwa pamoja. Atakayetangulia, kosa linakuwa la upande wake. Ndiyo sheria."

Mlango wa kushoto akaingia Mheshimiwa Devenney. Mlango wa kulia akaingia Mheshimiwa Bi. Purdy. Kila mmoja ana tamko lake kwapani, limekunjwa kama mkeka. Walisema Kiswahili cha kwetu Tanga kabisa, wala sikushangaa.

"Huyu mama hana upande," akasema Bi. Purdy, akanipa futi ya fundi cherehani. "Pima. Lazima yalingane."

Nikaweka ndoo chini, nikapima. La Mheshimiwa Devenney lilikuwa refu kwa vidole viwili. Hakubisha. Alitoa mkasi akakata kipande cha mwisho, kikaanguka sakafuni. Nilipokifagia nikaona kimeandikwa: pole kwa konstebo.

"Sasa yako sawa," akasema. "Haya, Bi. Purdy, tangulia."

"Nitanguliaje, na wa kwako ndio walioanza mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba walikuwa wanawajibu wa kwako wa mwezi wa tatu."

"Na wa mwezi wa tatu unafikiri walikuwa wanacheza? Kumbuka mwaka juzi."

"Nikikumbuka mwaka juzi na wewe ukumbuke alipozaliwa mama yako."

Wakaenda hivyo hivyo, mwaka kwa mwaka, kurudi nyuma. Walipofika mwaka ambao ukumbi ulikuwa haujaezekwa, paa likaondoka. Mvua ikaanza kutunyeshea. Walipofika mwaka ambao ukumbi ulikuwa haujajengwa, kuta zikaondoka nazo, na deki yangu yote ikawa majani. Tukabaki malishoni na viti vyetu, sisi wanne na ng'ombe mmoja.

"Mwulizeni ng'ombe," nikasema. "Yeye alikuwepo."

Ng'ombe akatafuna, akameza. "Kwa sasa sina la kusema," akajibu, akatugeuzia mgongo.

Konstebo akaangalia saa. "Waheshimiwa, naomba tu mfanye haraka kidogo. Damu inanipanda masikioni."

Hapo ndipo tofali lilipokohoa.

Ndipo nilipolitazama vizuri. Lilikuwa limevaa soksi ya shule, ya kijivu, imevutwa mpaka katikati. Mwenzangu, mimi ile soksi naitafuta tangu Alhamisi.

"Samahani," likasema tofali. "Mnagombana bure. Mimi si wa upande wowote. Mimi ni wa jikoni kwa huyu mama. Nimeshikilia mlango wake wa uani miaka sita."

Waheshimiwa wakatazamana. Sijawahi kuona watu wakipumua kwa raha namna ile. Mheshimiwa Devenney akamwekea Bi. Purdy mkono begani, Bi. Purdy akamfuta mvua kwenye kola.

"Kumbe ni la wageni," akasema Bi. Purdy.

"La wageni," akasema Mheshimiwa Devenney. "Ungesema mapema, bwana tofali."

Wakakunjua matamko, wakalaani kwa sauti moja, neno kwa neno, hakuna aliyetangulia hata kwa pumzi. Hata ng'ombe alirudi kusikiliza. Konstebo akaanza kutoka damu, akashukuru. Nikamfunga leso yangu kichwani.

"Lakini hakuna mtu kwetu aliyerusha," nikawaambia. "Tofali liko mlangoni."

"Nilirushwa kesho," likasema tofali.

"Kesho haijafika."

"Ndiyo maana bado nina soksi."

Konstebo akanipa karatasi, leso yangu inachuruzika damu. "Andika jina la mwenye soksi, mama."

"Mimi niliishia la saba."

"Jina moja tu. La saba inatosha."

Nikainua kichwa nimwambie siandiki. Malisho hayapo, konstebo hayupo, niko langoni, karatasi iko mkononi. Lango linajifunga lenyewe, polepole, huku linaongea kama kondakta aliyechoka.

"Wa kulia, kulia. Wa kushoto, kushoto. Nafunga. Mama, na huyu wako nimweke wapi?"

Nikageuka. Ni binti yangu, Mwanaidi, wa miaka kumi na minne. Amesimama katikati ya njia ya lango na sare ya shule, mguu mmoja hauna soksi. Nyuma yake wenzake wa darasani wamejipanga, kila mmoja na tofali lake. Matofali yao yamepakwa rangi, yanajulikana kwao. La kwake halina rangi.

"Mwanaidi, njoo nyumbani."

"Si ulisema mwenyewe, mama? Ulisema nisijitenge. Ulisema wakicheka nicheke, wakikimbia nikimbie, nisiwe yule mgeni wa kukaa pembeni. Sasa wamenipa zamu. Hawajawahi kunipa zamu."

Akina mama, nilisema hivyo. Nilisema siku ya kwanza ya shule, namfunga tai, na nikarudia mwaka jana. Nilidhani namfundisha kuishi na watu.

"Wao wakikamatwa watagombaniwa," nikamwambia. "Hawa watasema wametoka kule, wale watasema wametoka huku, watagombana mpaka wafike kwa ng'ombe. Wewe hawatakugombania. Kwako watakubaliana."

"Watakubaliana nini?"

"Nafunga," likasema lango.

Nikaingiza mkono katikati ya chuma kumvuta. Lango likaubana mkono, likagonga. Likagonga tena. Nikaamka.

Kumekucha, ni Jumamosi, na chini kweli kuna kitu kinagonga. Nikashuka. Ni mlango wa uani. Kitasa chake kilikufa zamani, mwenye nyumba anasema atakuja, na siku zote mlango unashikiliwa na tofali. Upepo unaupiga. Tofali halipo.

Kwenye kiti cha jikoni kuna begi la shule la Mwanaidi, ambalo kila Ijumaa analitupa chumbani kwake na haliguswi mpaka Jumatatu. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja, likanishinda. Nikafungua zipu. Juu sweta, chini ya sweta soksi ya kijivu imejaa kwa pembe nne, na kwenye kidole gumba ni pale niliposhona tundu kwa uzi mwekundu, kwa kuwa wa kijivu ulikuwa umeniishia.

Nimelirudisha tofali mlangoni na soksi yake. Halafu nimelikalia, ndipo nawaandikia. Yeye bado amelala, na mpaka saa kumi na mbili na nusu jioni kuna muda.