Nani Kachora?

Bamba la shaba lilitoka tanuruni likiwaka jekundu, halina uso wala umbo. Kazi yetu ina dharau hiyo: hujui umechora nini mpaka ipoe. Tulisimama kulitazama, mimi, mume wangu Martial, binti yetu Léonarde, ambaye baba yake humwita Nanarde, na mgeni kutoka Paris aliyeshika kofia kifuani kama yuko msibani.

Weusi ulitangulia. Kisha unga wa kioo cheupe, uliopakwa tabaka juu ya tabaka, ukaanza kutoa bega, mikono, mikunjo ya kanzu. Mtakatifu Valérie, kabeba kichwa chake mwenyewe kilichokatwa. Mji wetu mzima wa Limoges tumemchora huyo. Hakuna aliyewahi kumchora akiwa amechoka.

"Nani kachora?" mgeni akauliza.

Katika karakana zetu jina linalotiwa kwenye bamba ni la baba, na hakuna aliyehoji. Lakini macho ya Martial yalikuwa yameliwa na tanuru kitambo, na tangu hapo hakuna mstari aliouchora yeye.

"Mimi," akasema.

"Basi bahati yangu mbaya. Natafuta mkono kama huu, ila wa kijana. Nimpeleke Paris, nimpe kazi, na jina atie lake."

Nilimngoja mume wangu. Alipangusa koleo kwa aproni, taratibu, kama vile lina uchafu.

"Kachora huyu msichana," nikasema.

Martial akacheka. "Huyu? Hata kabichi anaiunguza. Mke wangu ana utani, bwana. Haya, Nanarde, mwambie mgeni. Kachora nani?"

Sauti ilikuwa ya mzaha. Lakini alinyoosha koleo kulitundika ukutani, akaukosa msumari, na binti yangu aliona. Alikuwa na moyo mwema, maradhi ambayo sikuwahi kumtibu.

"Mama anatania," akasema.

Mgeni akavaa kofia yake.

"Chochea moto," Martial akamwambia Léonarde. Akachochea.

Alichora mpaka akaota mvi, na kila bamba likatiwa jina la baba yake kwa dhahabu. Sikumsamehe hata mmoja wao. Siku tuliyomzika Martial, mafundi wenzake walijaa jikoni kwangu wakiusifu mkono wake, eti uzee haukuugusa. Wengine walilia. Léonarde alipita katikati yao na chupa ya mvinyo, akiwajazia bilauri.

"Asante, binti," walimwambia, wakaendelea na mazungumzo.