Mwizi wa Hatua

Wenzake kazini walimpachika jina Gogo, na lilimkaa. Alikuwa karani wa masjala. Akishaketi asubuhi, hainuki hadi saa ya kwenda nyumbani. Faili likiwa kwenye kabati la mbali, alikisukuma kiti chake cha magurudumu kwa mpini wa fagio kama anayepiga kasia, akiwagonga watu magoti na kuwaomba radhi akiwa ameketi.

Mazoezi aliyachukia tangu utotoni. Shuleni kwao, aliyechelewa alizungushwa uwanja, naye alichelewa miaka saba mfululizo. "Adhabu yangu nilishaimaliza," alisema. "Kwa nini nianze nyingine?"

Mwaka mmoja presha yake ikapanda. Daktari, mwanamke mpole asiye na mizaha, akampa kidude cha kuhesabu hatua, kidogo kama kifungo cha koti. "Utembee, mzee. Hatua elfu nane kila siku. Urudi baada ya mwezi."

Nyumbani Gogo aliishi na mkewe na mama mkwe wake, bibi wa miaka sabini na mbili asiyejua kutulia. Bibi huyo alifagia palipokwisha kufagiwa, akaenda dukani mara nne kununua vitu vinne, kisha akapita nyumba kwa nyumba kutafuta habari. Jioni ile Gogo alimtazama, akatabasamu peke yake.

"Mama," akasema kwa adabu zote, "ofisini kwetu mwaka huu wanawatunuku mama wakwe waliotia fora. Nilipeleka jina lako." Akambandika kile kidude kifuani.

Bibi machozi yakamlengalenga. Kesho yake alizunguka mtaa mzima akionyesha nishani yake, hata kwa watu asiosalimiana nao.

Mwezi ulipotimia, Gogo akaomba nishani akaisafishe, akaenda nayo kliniki. Daktari akasoma, akavua miwani, akaivaa tena. Hatua elfu kumi na tisa kwa siku! Akapima presha: imezidi kupanda. Uzito nao umeongezeka kilo nne.

"Mzee, hili limenitisha," akasema. "Unatembea hivi na mwili unazidi kuharibika? Huenda moyo umechoka. Wakati tunasubiri vipimo, ulale kitandani wiki tatu. Uende msalani tu, na urudi."

Gogo nusura aruke kwa furaha, ila kuruka hakukuwa desturi yake.

Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Ya pili pia. Ya tatu alikwisha hesabu mabati yote ya dari, akayarudia. Mkewe, mtu wa kufuata maagizo, aliweka kiti mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchungulia dirishani tu."

"Chungulia ukiwa umelala."

Siku ya tano miguu ikaanza kumwasha. Mkewe alikuwa ametoka, na zamu ya ulinzi ilikuwa ya mama mkwe, ambaye hakuweza kukaa kitini dakika tano. Alipokwenda kufagia uani, Gogo akatokea dirishani. Alitembea hadi kona na kurudi, moyo ukimdunda kama mtoto aliyedokoa sukari. Ajabu ni kwamba alisikia utamu. Kesho yake akafika darajani. Keshokutwa akalivuka.

Siku moja, akirudi, akamwona mkewe anatoka dukani. Gogo akatimua mbio, mbio za kweli, akaruka dirisha, akajifunika shuka hadi kidevuni.

"Mbona jasho linakutiririka?" mkewe akauliza.

"Ni ugonjwa, mke wangu. Unanitoka."

Wiki tatu zilipoisha walikwenda kliniki wote watatu. Vipimo vya moyo vilikuwa safi, presha imeshuka, kilo tano zimeyeyuka. Daktari akafurahi. "Mnaona? Mapumziko yamemfaa. Tuongeze miezi mitatu."

Miezi mitatu! Gogo akapiga magoti palepale, akakiri yote: kidude, dirisha, daraja.

Mama mkwe akauliza polepole, "Kwa hiyo ofisini kwenu hawanijui?"

"Hawakujui, mama."

"Hata jina hukupeleka?"

"Hata."

Daktari alijificha nyuma ya faili hadi mabega yakaacha kutikisika. Kisha akakaza uso. "Basi utembee kila siku. Ni amri."

"Daktari, nakuomba," Gogo akasema, "usiniamuru, nitashindwa. Nikikatazwa ndipo ninapokwenda vizuri."

Mkewe alielewa haraka. Tangu hapo, kila alasiri hukaa mlangoni na kufoka, "Ole wako unyanyue mguu!" Gogo naye hupita dirishani, akapotea dakika arobaini.

Mama mkwe alinuna wiki mbili. Alimsamehe siku walipokutana njiani, mkwe akajitolea kumbebea kikapu katika nyumba saba alizopanga kuzipitia. Kwenye nyumba ya tatu habari zilikuwa nzito mno, wakazisikiliza zote wakiwa wamesimama.